Tundu la Milimita Nne

Mtaani kwetu sheria inaruhusu kuongea na jirani kupitia tundu moja tu ukutani, lisizidi milimita nne. Letu limelika kwa mrija ninaomnyweshea chai Bi Salhina, ambaye sijawahi kumwona hata pua.

Mkaguzi wa matundu alipobisha hodi, nilimkabidhi vernia yangu, kile kipimo cha meno mawili, kwa heshima zote.

"Kijana, meno ya hii ni mapana. Kwenye tundu dogo inapunja kipimo," alisema, akatoa pini za kupimia, kila moja na unene wake. Ya milimita nne ilipita. Ya nne nukta moja nayo ikateleza mpaka kwa jirani.

"Mwanangu, leo mrija wa chuma?" aliuliza Bi Salhina.

Nilitaka kumjibu kwa utani, lakini mkaguzi alikuwa ameshaanza kukoroga saruji.