Kabla Boila Haijawashwa

Sista alimkuta binti wa nyumba jikoni, anakinga maji ya bomba kwenye chupa ya kioo. Chupa ilipojaa akatia magadi kidogo, akaitikisa, kisha akaizamisha kwenye ndoo ya maji.

"Mbona unapoza maji ambayo tayari ni baridi?" sista akauliza.

"Maji ya boila ya kiwandani hutoka ya moto hata asubuhi, kwa joto la jana, lazima yapozwe ndooni. Baba asipoona chupa imelowa nje, atashtuka." Alijifuta mikono kwenye gauni. "Usinicheke, sista. Ni kwa ajili yake."

Sista hakuwa na nia ya kucheka. Daktari alikuwa amemtuma haraka haraka, bila hata faili: nyumba ya nyuma ya kiwanda cha nguo, kuna mtu akili imeyumba, kamwone, halafu useme kama anaweza kubaki nyumbani au aletwe wodini. Wodi ile aliijua. Wengi walioingia humo hawakurudi kwao. Alikuwa mgeni katika mtaa huu, na tayari neno lake lingeweza kumtoa mtu kitandani kwake.

"Baba amepima maji ya boila maisha yake yote," binti akaeleza. "Mimi mwenyewe kanifundisha yeye. Lakini kustaafu kumemshinda. Asipopima asubuhi, hata chai hanywi. Zamani nilimletea maji yenyewe. Siku hizi mlinzi hataki chupa itoke getini, basi namdanganya. Magadi ni ili dawa yake ya kupimia igeuke rangi ya waridi, kama kawaida."

"Na wewe huendi kazini?"

"Naingia mchana. Asubuhi ni zamu ya mume wangu, yeye ndiye anayewasha boila." Alicheka kidogo. "Hawashi mpaka mkwewe aseme. Anamwogopa kuliko meneja."

Dirishani lilionekana dohani la kiwanda, refu, halitoi moshi hata kidogo. Binti akalionyesha kwa kidevu.

"Unaona? Anasubiri."

Kisha akashusha sauti. "Sista, msimchukue. Akitolewa hapa hatakaa siku nyingi. Hamsumbui mtu."

Sista alimhurumia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa anayaficha ya baba yake kwa magadi.

Mzee alikuwa sebuleni mbele ya meza ndogo, shati limefungwa vifungo vyote, vichupa vyake vya dawa ya kupimia vimepangwa mstari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Ngoja tumalize kazi kwanza."

Alimimina maji kwenye kikombe cheupe, akadondosha tone. Maji yakawa ya waridi. Akamimina mengine, akadondosha dawa ya kichupa cha pili, akakiinua kikombe kwenye mwanga, akakitazama kwa muda mrefu. Binti alisimama ameshika mgongo wa kiti.

"Yana hewa," mzee akasema. "Hewa ikiingia kwenye boila hula chuma kama mchwa anavyokula mlango. Nje rangi inang'aa, ndani pamekwisha."

"Kwa hiyo, baba?"

"Mwambie mumeo asiwashe leo."

"Asiwashe." Uso wa binti ukalegea, macho yakamjaa machozi ya furaha. "Namwambia sasa hivi."

Akatoka mbio, hata viatu hakuvaa. Anajua kuigiza, sista akawaza, maana maji yale ameyakinga mwenyewe bombani.

Alimfunga mzee kitambaa cha presha mkononi. Presha ilikuwa ya kijana. Akamuuliza mwezi, akajibiwa. Akamuuliza mwaka aliostaafu, akajibiwa, na akatajiwa na mvua iliyonyesha siku ya kumuaga. Sista hakudanganyika. Wazee wa namna hii huwa na asubuhi zao njema, na jioni hawajui mlango wa choo.

"Mzee," akaanza taratibu, "daktari anaona ungekuja kupumzika kwetu siku chache."

Mzee hakukasirika. Alivua kitambaa mwenyewe, akakikunja vizuri, akamrudishia.

"Aliyekuja kabla yako naye alinipima mimi," akasema. "Njoo dirishani."

Geti la kiwanda lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, na majani yalikuwa yameota mpaka kwenye kufuli. Binti alikuwa amesimama peku kwenye majani hayo, mdomo ameuweka kwenye upenyo wa mabati, anasema, ananyamaza kama anayejibiwa, anacheka.

"Siku ile maji yalitoka mekundu kwa kutu," mzee akasema. "Alikimbia kumwambia mumewe asiwashe, akakuta mwenzake ameshawasha, boila imepasuka. Tangu tumzike, kila asubuhi ananiletea maji ya bomba, nami namwambia ni mabaya, anakwenda kumzuia. Akirudi anakula, analala. Msimchukue, mwanangu. Hapa kwangu, kila siku anawahi."