Mara ya Kwanza Kabisa

Jagoda alipomwona shangazi yake akishuka kwenye teksi mbele ya sinema, alijificha nyuma ya bango la filamu yake mwenyewe.

Haikusaidia. Shangazi Mande alikuwa amevaa viatu vya kanisani, amebeba sinia lililofunikwa kitambaa la pita, mkate wa matabaka wenye jibini, na sauti yake ilimtangulia mlangoni.

"Yuko wapi mwanangu? Nimeondoka kijijini alfajiri, mabasi mawili na teksi, nije niione tena!"

Vedran, mratibu wa tamasha, aligeuka. "Uione tena nini, mama?"

"Mimi," alidakia Jagoda, akitoka mafichoni mbio. "Anione mimi tena. Hatujaonana tangu majira ya baridi."

Vedran alicheka, akachukua kipande cha pita, akaenda zake. Jagoda alimshika shangazi mkono, akamvuta hadi kwenye kona ya kutundikia makoti.

Tamasha la Kamenik ni dogo, lakini filamu ya maisha halisi inayoshinda pale husambazwa kwenye sinema za nchi kumi na mbili za Ulaya. Na halipokei filamu iliyokwisha kuonwa. Ukileta yako, unatia sahihi kwamba haijaonyeshwa mbele ya watu popote duniani.

Jagoda alitia sahihi. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa amefunga shuka kwenye gari la zimamoto, katika jengo la wazimamoto wa kijijini kwao, akawaonyesha watu arobaini filamu nzima.

Ilikuwa filamu yao. Kwa miaka sita aliwapiga picha wazee wa pale wakilingoja gari la duka linalowaletea mkate kila Alhamisi. Siku ile walicheka, wakabishana, wakamtaka arudishe nyuma mahali alipotokea marehemu Luce. Mzee Bariša aliomba paondolewe pale anapolia. Jagoda akapaondoa. Siku ya kujaza fomu ndipo aliposoma kanuni, akatia sahihi hivyo hivyo.

Akiikosa tuzo hii, Septemba anarudi kwa binamu yake kupiga video za harusi.

"Shangazi, ukiulizwa, hujaiona."

"Sijaiona vipi, nami nilikaa kiti cha mbele? Nilikuwa namnyamazisha Bariša."

"Wakijua, wataitoa mashindanoni."

"Kwa sababu tumeiona sisi? Walitaka nani aione kwanza, Papa?"

"Ndiyo kanuni yao."

"Kwa hiyo nidanganye." Shangazi alivuta pumzi. "Nimetoka kuungama juzi tu kwa ajili ya Pasaka, mtoto wewe. Nilikuwa bado msafi."

"Udanganye kidogo tu."

"Kidogo sijui," alisema Shangazi, akikaza kitambaa chake cha kichwani.

Na kweli hakujua. Taa zilipozimwa na uso wake ukajaa ukuta mzima, alijipiga kifua. "Yesu na Maria! Yule si mimi?" Ukumbi ukaangua kicheko. Bariša alipotokea, alimpungia mkono. Luce alipotokea, Shangazi alilia, na hapo Jagoda alijua kwamba haigizi. Filamu ilipokwisha, watu mia mbili walisimama wakapiga makofi, wengine wakifuta macho kwa mikono ya makoti.

Ukafika wakati wa maswali. Wa kwanza kuomba kipaza sauti alikuwa Bodil, mama wa Denmaki mwenye nywele nyeupe, mkuu wa majaji watatu. Hakumtazama Jagoda. Alimtazama Shangazi, akauliza kupitia kwa mkalimani:

"Mama, leo ndiyo mara yako ya kwanza kuiona filamu hii?"



Shangazi alisimama, akaweka mkono moyoni. "Mara ya kwanza kabisa. Na si mimi peke yangu. Kijiji kizima hakijaona hata kipande kama hiki." Akaonyesha ukucha wa kidole kidogo. "Huyu mtoto alikuja na mashine yake, akatupiga picha miaka sita, akafunga virago. Hatukuambiwa neno, hatukuulizwa neno. Nife hapa hapa kama nasema uongo!"

Watu walinong'ona. Bodil aliandika kitu kwenye daftari lake, akashukuru, akaketi. Jagoda alipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mchana walimalizia pita kwenye ngazi za sinema.

"Nilizidisha?" Shangazi aliuliza.

"Ulipitiliza. Lakini walikuamini."

"Ile ya ukucha ndiyo iliyowamaliza."

Saa kumi na moja jioni walirudi ukumbini kusikiliza matokeo. Bodil alipanda jukwaani na bahasha, akasema kwa Kidenmaki maneno marefu ambayo ndani yake Shangazi alitambua moja tu: Jagoda. Aliruka kitini, akampiga mpwa wake kiwiko ubavuni.

"Umesikia? Wamekutaja! Simama, mtoto, nyoosha gauni!"

Jagoda alisimama. Shangazi alipiga makofi peke yake, kwa nguvu, hata mkalimani ikambidi asubiri.

"Majaji wanasema," mkalimani alianza, "filamu ya Jagoda ilizipita zote, na hadi kipindi cha maswali cha leo jina lake ndilo lililokuwa ndani ya bahasha hii. Kuwaonyesha filamu wale uliowapiga picha, nyumbani kwao, hilo hatujawahi kulihesabu kuwa onyesho. Tunalihesabu kuwa heshima, na tuzo hii hatumpi asiyekuwa na heshima hiyo."