Shavu la Kushoto

Ukimtazama Sumarsih kwa kushoto, ulimwona mwanamke aliyejitunza. Ukizunguka kulia, ulimwona mama yake.

"Tabasamu," alisema Dokta Wening huku akimmulika usoni. Ngozi ya kushoto ilijikunja ikarudi. Ya kulia ilijikunja ikabaki hivyo hivyo.

Wening aliandika alichokiona. Katika jaribio lile la dawa, hata yeye hakuruhusiwa kujua shavu lipi linapakwa nini. Kila mwanamke alipewa makopo mawili yanayofanana, moja la dawa ya kuondoa makunyanzi, jingine la mafuta matupu. Kopo moja lilikuwa la shavu la kulia, jingine la kushoto, bila kuambiwa lipi ni lipi. Aliyejua dawa iko wapi ni mfamasia, Mzee Subagyo, naye alikatazwa kutia mguu kliniki mpaka jaribio liishe.

Lakini nani hakuwa na macho?

"Dokta, niongezee la kushoto nipake kotekote," Sumarsih alibembeleza. "Kumbe huku kulia nimechakaa hivi! Nilikuwa sijioni."

"Vumilia, mama. Ukichanganya utaniharibia kazi."

"Wewe bado kijana, rahisi kusema. Mume wangu anasema kushoto ndiye Marsih wake yule yule, ila kulia kuna shangazi amekuja kutembea na haondoki."

Wanawake waliokuwa wakingoja kwenye benchi wakaangua kicheko. Kila mmoja alikuwa na shavu lake jema, na kila mmoja aliligeuzia watu.

Sumarsih hakuwa akitania tu. Alikuwa mchezaji wa ketoprak, michezo ya jukwaani ya wafalme wa Jawa ya kale, na miaka nenda miaka rudi malkia alikuwa yeye. Msimu uliopita kiongozi wa kikundi alimpa msichana taji, yeye akaambiwa acheze mama mkwe. Sasa kiongozi huyo huyo alikuwa amekutana naye sokoni, akamtazama kulia, kisha kushoto, akasimama.

"Marsih, huko kliniki wanakupa nini? Wakimaliza na upande wa pili, njoo uchukue taji lako."

Tangu siku hiyo hakukosa kupaka, asubuhi na jioni. Shavu la kulia lilianza kuwasha. Akiamka alikuta unga mweupe kwenye mto. Alisingizia jua, akasingizia poda za jukwaani, kisha akaufuta mto kwa kiganja kabla mumewe hajageuka. Dokta alipomuuliza kama kuna lolote linalomsumbua, alijibu haraka, "Hakuna." Aliogopa kuondolewa.

Siku ya kufunga jaribio, kampuni iliyotengeneza dawa ilileta wali wa njano na keki, pamoja na shehena ya zawadi: kila mwanamke alipewa makopo makubwa ya dawa yenyewe, safari hii bila kubahatisha. Wanawake walipiga vigelegele uani. Sumarsih alikuwa amekuja na binti yake, Kinasih, aliyeolewa juzijuzi.

"Mama, mimi ya nini? Sina hata kunyanzi moja."

"Ndiyo uanze mapema, mjinga wewe. Mimi nilichelewa."

Ndani, Wening alikuwa amefunga mlango. Mzee Subagyo aliketi mbele yake bila kungoja kukaribishwa. Alikuwa amebeba picha za siku ya kwanza, ambazo daktari hakupaswa kuziona mpaka leo, asije akapendelea upande.

"Haya, mzee, nitoe wasiwasi," Wening alisema akicheka. "Sumarsih, kushoto. Ni dawa, au nimekuwa nikiota?"

Subagyo hakucheka.

"Kushoto kwake ni mafuta matupu, Dokta. Na kwa wote ni hivyo hivyo: kila shavu mlilolisifu, liwe la kulia au la kushoto."

Akaisogeza picha ya Sumarsih mezani. Wening aliitazama muda mrefu. Siku ile ya kwanza mashavu yote mawili yalikuwa sawa, na la kushoto lilikuwa vile vile kama alivyoliona asubuhi hii.

Vigelegele vikapanda tena uani. Wening aligeukia dirisha. Sumarsih alikuwa amepakata kopo lililo wazi, shavu lake la kushoto likimeremeta kwa dawa mbichi, na kwa vidole viwili vyenye dawa alikuwa amemshika Kinasih kidevu, akimwambia atulie.