Kivuli cha Datsun

Mwenye duka aliuliza mara mbili ni gari gani, na mara zote mbili Sabine alimwonyesha kamba ya kipimo.

"Datsun," alisema hatimaye. "Ya Pasta."

Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyeuza vipuri Old Town, Lilongwe, tangu ujana wake, alitikisa kichwa. Kwa Kiswahili cha kuokoteza alimweleza kwamba kamba ile ni fupi. Kioo cha mbele cha Datsun kinataka kizuia jua kirefu zaidi. Sabine hakubishana naye. Pasta René ndiye aliyepima, na yeye hakuwa mtu wa kumsahihisha mchungaji wake mbele ya mgeni.

Vizuia jua vilikuwa vya namna mbili. Kimoja cha katoni, cha kukunja, chenye picha ya miwani mikubwa. Kingine cha kung'aa, rangi ya fedha juu na sponji katikati. Pasta alikuwa amesisitiza Jumatatu alipompa hela na ile kamba: "Ile ya kung'aa, Mama Gentille. Ya katoni haizuie joto."

Sabine alicheka moyoni. Datsun ya kanisa ilikuwa imelala bila betri tangu Pasaka. Gari halitembei, lakini linataka kivuli! Ila katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, anayepata ruhusa ya kwenda Lilongwe hutumwa na kila mtu, naye haulizi ya nini.

Alikipeleka cha kung'aa mlangoni, kwenye jua, akaweka mkono chini yake. Mkono ukapoa. Mawazo yake yakaenda moja kwa moja kambini, kwenye mkeka wa binti yake.

Gentille alikuwa na miaka minne na homa isiyokwisha. Mara mbili Oktoba ile alishikwa na degedege, zote mbili mchana, wakati paa lao la plastiki linapowaka kama kikaango. Nesi alisema mtoto asikae kwenye joto. Kusema ni rahisi. Jumapili Pasta alikuja kumwombea, akapiga magoti kando ya mkeka muda mrefu, hata Sabine akaenda bombani na kurudi akamkuta bado yuko pale pale.

Angeweza kuomba msaada. Mficha uchi hazai. Lakini Sabine alitoka Uvira na cherehani kichwani na shingo ngumu chini yake. Kanisa lilipomletea blanketi wakati wa baridi, alilirudisha. "Mupatie benye bako na shida," alisema kwa Kiswahili cha Uvira, akaendelea kumfunika mwanawe kwa kitenge.

Alilipia cha kung'aa kilicholingana na kamba, akatembea hadi stendi ya mabasi, akasimama. Kisha akarudi. Alitoa hela ya nyuzi za cherehani, zile zilizompeleka mjini, akanunua na cha katoni.

Mwenye duka alimuuliza kama Pasta ana magari mawili. Sabine alitazama sakafu. "Zikomo," alishukuru kwa Kichewa, akatoka haraka.

Jioni ile alimpelekea Pasta kifurushi chake pamoja na kamba.

"Ya kung'aa ilishaisha, Pasta. Balibakia na ya katoni tu. Na yenyewe iko bei."

Pasta alikigeuza huku na huku. Alionekana kusikitika kuliko linavyostahili gari bovu.

"Aksanti, Mama. Ni bora kuliko kukosa."

Kesho yake asubuhi Sabine alipanda juu ya ndoo, akakifunga cha kung'aa chini ya plastiki, juu ya mkeka. Kilimfunika Gentille toka kichwani hadi miguuni, hakikuzidi wala hakikupungua. Saa saba mchana mtoto alilala usingizi wa kweli, paji la uso limepoa, na kwa mara ya kwanza katika juma zima mama yake hakuwa na kazi ya kumpepea.

Alikaa kando yake akaona aibu. Gari lenyewe halitembei, alijiambia. Alijiambia tena na tena, na maneno yakazidi kuchuja. Alikuwa amemwibia mchungaji aliyepiga magoti kwenye udongo kwa ajili ya mwanawe. Alhamisi hakwenda kwaya. Alipomwona Pasta njiani, mtu mzima yeye, alizunguka nyuma ya vyoo. Basi akaamua kwamba Jumapili, baada ya ibada, ataungama yote na kukirudisha.

Pasta hakungoja Jumapili. Ijumaa mchana alipiga hodi, na kabla Sabine hajainuka alikwisha kuinamisha kichwa na kuingia, nyundo mkononi, cha katoni kwapani.

"Mama Gentille, usikasirike," alisema, akipepesa macho yaliyojaa jua la nje. Alichuchumaa, akatoa ile kamba mfukoni, akainyoosha kando ya mtoto aliyelala. Ilitoka kichwani ikaishia miguuni, barabara. "Nilipima siku ile ya maombi. Ningesema ni ya mtoto, ungeikatala sawa vile ulikatala blanketi. Njo maana nilisema ni ya gari. Pole tu, ile ya kung'aa tuliikosa."

Kisha akasimama, akabana msumari midomoni, akainua macho juu ya mkeka kutafuta mahali pa kupigilia.