Kabla Tajiri Hajafika

Mkono wa mpiga pasi wa hotelini ulikuwa umebabuka umbo la pasi, hata vitundu vya mvuke ungeweza kuvihesabu. Askari wa zamu kituoni akaguna, kisha akamtaka atoe pasipoti.

"Anayo tajiri wangu, mwenye hoteli. Ndiye aliyenichoma."

"Namfahamu. Ngoja nimpigie ailete. Mgeni bila karatasi simwandikii kesi."

Mpiga pasi akaketi kwenye benchi. Mfagiaji wa kituo, mgeni mwenzake, akainama karibu naye, akamnong'oneza kwa lugha ya kwao: "Uongo huo, mdogo wangu. Ni haki yako kuandikiwa. Usikubali kutoka humu."

Nje gari la tajiri likafunga breki. Mpiga pasi akaukumbatia mguu wa meza ya askari kwa mikono yote miwili, hata ule wenye kidonda kibichi, akafumba macho.

"Andika," akalia. "Niandikie kwanza!"