Dole Lisilo na Mistari

Kesho yake baraza la mji lilikuwa likae kuamua kama kima cha chini cha mshahara kipandishwe. Bwana Marijani, tajiri wa pale wanapofulia mashuka ya nyumba za wageni, akaleta karatasi isemayo wafanyakazi wake wameridhika na wanacholipwa. Asiyetia dole gumba asirudi kazini.

Mfuaji mmoja, mama aliyeitwa Sikujua, alikuwa amefua pale miaka kumi na tisa. Akachovya dole kwenye wino, akabonyeza. Likatoka doa la bluu lisilo na mstari hata mmoja.

“Bonyeza vizuri, mama.”

Akarudia mara tatu. Doa tupu.

“Baraza watasema nimegonga kwa kizibo cha chupa!” Marijani akafoka. “Mistari umeipeleka wapi?”

“Iulize sabuni yako, bosi,” Mwanaidi akacheka kwenye beseni la pili.

Sikujua hakucheka. Dole lenyewe halikuwa likihisi kitu.

“Haya, lete la kushoto.”

Sikujua akaligeukia beseni lake. Akaopoa shuka majini, akalikamua, akalianika kambani. Upepo ukalikunjua, jeupe pe, na katikati doa la bluu. Marijani alikuwa bado ameinyoosha karatasi yake.