Jibu Langu la Mtihani

Tangu wakubwa wa serikali wafunge shule, watoto wanasoma nyumbani na mzazi ndiye anayefanya mtihani. Akifeli, mtoto anapelekwa kambini. Mimi niliishia darasa la nne. Msomi wetu alikuwa mke wangu Mwanahawa, na wakubwa haohao walimwacha afie kwenye foleni ya dawa.

Binti yangu Salha, wa kidato cha tatu, alinisomea shairi la Zama za Kati. Mwanamume anaongea na marehemu mkewe.

"Baba, kwa nini anaongea naye wakati hajibu?"

"Kumbe hata wazungu wa kale walifiwa hivi? Hebu rudia hapo."

Jumatatu, siku ya mtihani wangu, sauti ya spika ya ukutani ikaniuliza swali hilohilo. Nikajibu, "Mwanahawa hajibu, lakini nisipomkaribisha chai, hainipiti kooni."

"Umefaulu."

"Baba profesa!" Salha akanikumbatia.

Jana nilimsikia jirani, Mama Nasri, akijiandaa kwa mtihani wake. "Mwanaidi hajibu, lakini..."

"Umekosea tena, mama," mwanawe akamkatiza. "Anaitwa Mwanahawa. Hilo ndilo jibu la serikali."